JESHI LA KOMPYUTA NYUMA YA SINEMA

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlioko makambini, vituoni na malindoni, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho bila kulijua. Katika filamu za siku hizi hupita wanyama waliotoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, na miguu yao huacha nyayo matopeni. Hupita meli kubwa inayozama na abiria wake wote. Hupita majeshi yenye maelfu ya askari, nao hupigana katika mabonde yasiyokuwapo katika ramani yoyote. Mtazamaji huuliza: mambo haya yalipigwa picha wapi? Jibu ni kwamba mengi kati ya hayo hayakupigwa picha mahali popote. Yalikokotolewa kwa hesabu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na vyombo hivi vinavyoelea mbele ya macho yetu vimeundwa na jeshi ambalo halionekani, jeshi la kompyuta zinazofanya kazi kwa pamoja usiku na mchana.

Pengine askari atasema: mimi kazi yangu ni bunduki na doria, sinema zanihusu nini? Zinamhusu kwa mambo matatu. Kwanza, namna kompyuta hizo zinavyogawiwa kazi ni somo la mpango na amri ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia. Pili, historia ya kazi hiyo ina onyo kubwa kuhusu ulinzi wa ghala. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, chombo kinachoweza kutengeneza picha ya kitu kisichokuwapo kinaweza pia kumdanganya askari vitani na kumpotosha polisi katika upelelezi. Basi hapana budi tukijue chombo hicho.

Tuanze na picha yenyewe. Filamu ni picha tulivu nyingi zinazopita upesi mbele ya macho, na kipimo cha kawaida cha sinema ni picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika 90, kwa hiyo, ina picha 129,600. Zikichorwa kwa kompyuta, kila moja ya picha hizo lazima itengenezwe peke yake, tangu ukucha wa mnyama hadi wingu lililo nyuma yake.

Kazi hiyo huanza kwa mafundi. Wapo wanaojenga maumbo ya watu, wanyama na nyumba ndani ya kompyuta, kama mfinyanzi ajengavyo chungu. Wapo wanaoyatia maumbo hayo mifupa na viungo ili yaweze kutembea. Wapo wanaotia rangi, mikunjo ya ngozi na kutu ya chuma. Wapo wanaopanga taa, wakaamua jua litoke upande gani na kivuli kiangukie wapi. Mpaka hapo bado hakuna picha. Kuna orodha ndefu ya tarakimu tu, kama vile mpango wa vita ulivyo karatasi tu kabla vikosi havijaondoka kambini.

Ndipo kompyuta huanza kuchora. Picha ya upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080 ina nukta 2,073,600. Kwa kila nukta, kompyuta hujiuliza: mtu akichungulia kupitia tundu hili dogo, ataona nini? Hutuma mstari kutoka katika jicho la kamera, nao huenda moja kwa moja kama risasi mpaka ugonge kitu. Ukigonga, kompyuta huuliza tena: kitu hiki kina rangi gani? Taa iko wapi? Kati ya kitu na taa kuna kizuizi? Kama kipo, hapo pana kivuli. Ikiwa kitu chenyewe kinang'aa kama kioo, mstari huruka na kwenda kugonga kitu kingine, na maswali huanza upya. Ikiwa ni maji, mstari hupinda. Tena mstari mmoja kwa nukta moja hautoshi, kwa maana picha itatoka na chembechembe kama mchanga. Mara nyingi hutumwa mistari kadhaa, hata mamia, kwa nukta moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina mamilioni ya haba.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Turner Whitted, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, alieleza namna ya kufuatisha mistari ya mwanga inayoruka na kupinda. Mojawapo ya picha zake mashuhuri ilionyesha matufe mawili juu ya sakafu ya mirabaraba. Kompyuta kubwa ya wakati ule ilitumia dakika 74 kuichora. Dakika 74, kwa picha ambayo katika sinema ingepita machoni kwa sehemu moja ya 24 ya sekunde.

Sasa tupige hesabu. Tuseme picha moja inahitaji saa moja tu. Filamu yetu ya dakika 90 itahitaji saa 129,600, yaani siku 5,400, karibu miaka 15 ya kompyuta moja kufanya kazi bila kulala. Mtoto aliyezaliwa siku kazi inaanza atakuwa kijana wa sekondari siku inapomalizika. Lakini tukizipata kompyuta 1,000 na kuzigawia kazi sawasawa, filamu ile ile itakwisha kwa siku tano na saa kumi hivi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo siri yote ya mashamba ya kompyuta, kama wenye kazi hiyo wanavyoyaita: safu kwa safu za mashine zilizopangwa ndani ya jumba moja, zikiunganishwa kwa nyaya, na kila moja ikilima tuta lake.

Yafaa tutazame kwa nini kazi hii inakubali kugawanywa, kwa kuwa si kila kazi inakubali. Wapishi kumi wakizunguka sufuria moja ya ugali, ugali hautaiva mara kumi upesi. Lakini askari kumi wakipewa handaki la kuchimba, kila mmoja na mita zake, wa kwanza hana haja ya kumngoja wa pili. Kuchora picha za filamu kunafanana na handaki. Picha ya 500 haihitaji kuiona picha ya 499 iliyokwisha kuchorwa. Maelezo yake yote yamo tayari katika orodha ya tarakimu. Hata picha moja inaweza kukatwa vipande, kila kompyuta ikachora kipande chake.

Yapo hata hivyo mambo yanayofanana na ugali. Mawimbi ya bahari, moshi na moto hukokotolewa kwa kufuata wakati: hali ya moshi katika picha hii hutokana na hali yake katika picha iliyotangulia. Hapo kompyuta elfu moja haziwezi kuchukua kila moja picha yake, kwa sababu ya pili lazima ingoje ya kwanza. Kwa hiyo mafundi hukokotoa kwanza mwendo wa moshi au wa maji na kuuhifadhi, kisha ndipo kazi ya kuchora hugawanywa kwa jeshi zima. Amiri hodari ni yule anayejua kazi ipi igawanywe na ipi ifuatane.

Katika shamba la kompyuta kuna vyeo, kama ilivyo katika kombania. Ipo mashine inayoshika foleni, ambayo twaweza kuifananisha na afisa wa zamu. Yeye hachori picha. Anajua kazi zilizopo, ipi ni ya haraka, mashine ipi imekaa bure, ipi imeshindwa. Mashine ikizimika katikati ya kazi, afisa huyo humpa mwingine kazi ile ile, na filamu haikosi picha hata moja. Wapo askari wa safu, yaani mashine zinazochora. Ipo bohari, nazo ni diski kubwa zinazohifadhi maumbo, rangi na picha zilizokamilika. Na zipo njia, yaani nyaya zinazounganisha wote.

Shida kubwa ya shamba aghalabu haitokani na uhodari wa askari wa safu, hutokea kwenye mlango wa bohari. Hebu fikirini askari elfu moja wakifika kwa pamoja kuchukua risasi kwenye dirisha moja. Hata wawe na mbio namna gani, watakesha kwenye foleni. Vivyo hivyo, mashine elfu moja zikiomba kwa wakati mmoja faili za msitu ule ule, diski hulemewa na mashine hukaa bure huku zikila umeme. Ndiyo maana wajenzi wa mashamba haya hutumia fedha nyingi kwa diski na nyaya, mambo ambayo mgeni akitembezwa hatayatazama mara mbili. Ugavi ndio unaoamua vita. Huo ni ukweli ambao kila mwanajeshi anaufahamu.

Halafu kuna joto. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hutoka kama joto, na jumba lenye maelfu ya mashine ni kama tanuri. Lazima lipoozwe kwa hewa au kwa maji, na kupooza nako hula umeme. Ndiyo sababu majumba ya kompyuta yamejengwa katika nchi kama Iceland, yenye hewa ya baridi, umeme wa maporomoko ya maji na wa mvuke wa ardhini.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuitazame historia yenyewe. Mwaka 1995 studio ya Pixar ya California, Marekani, ilitoa filamu ya Toy Story, iliyoongozwa na John Lasseter. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta. Ilikuwa na picha zipatazo 114,000. Shamba lake lilikuwa na mashine 117 za kampuni ya Sun. Picha nyepesi zilichukua kama dakika 45, na nzito hadi saa 30 kwa picha moja. Kazi yote ilihesabiwa kuwa saa 800,000 za kompyuta. Mashine moja ingehitaji zaidi ya miaka 91, maisha ya mzee mwenye bahati ya umri.

Mwaka 1997 ikaja filamu ya Titanic. Kampuni ya Digital Domain, iliyotengeneza sehemu kubwa ya mandhari ya meli na bahari, ilitumia mashine zipatazo 160 zenye prosesa za Alpha, na 105 kati yake ziliendeshwa kwa Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2009, filamu ya Avatar ilichorwa na Weta Digital huko Wellington, New Zealand, kwa seva zipatazo 4,000 zenye viini vya kukokotoa vipatavyo 40,000, zikipoozwa kwa maji. Mwaka 2014 Disney ilitoa Big Hero 6 kwa viini vipatavyo 55,000, vilivyotawanywa katika vituo vinne lakini vikiamriwa kama jeshi moja.

Mtu atadhani kwamba, kompyuta zikiwa na nguvu kiasi hicho, picha sasa huchorwa kufumba na kufumbua. La hasha. Mwaka 2013, filamu ya Monsters University ya Pixar ilihitaji kwa wastani saa 29 kwa picha moja, ingawa mashine zake zilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko zile za 1995. Sababu ni kwamba mahitaji yalipanda pamoja na uwezo. Mhusika mmoja wa filamu hiyo, Sulley, alikuwa na nywele milioni tano na nusu mwilini, na kila unywele ulitupa kivuli chake. Mtaalamu Jim Blinn aliligundua jambo hili zamani: kompyuta zinapoongezewa mbio, wasanii huongeza mzigo, na muda wa kuchora hubaki pale pale. Ni tabia ya binadamu inayojulikana pia kwa wanaopanga bajeti za serikali.

Tufike sasa kwenye onyo tulilolitaja. Mwaka 1998 Pixar ilikuwa ikitengeneza Toy Story 2. Siku moja mfanyakazi fulani aliandika amri fupi ya kufuta faili, na amri hiyo ikatekelezwa mahali ambapo haikutakiwa kabisa. Mafundi wakaona kwa macho yao wahusika wa filamu wakitoweka mmoja baada ya mwingine. Mashine kuu ilizimwa kwa haraka, lakini sehemu kubwa mno ya kazi ilikuwa imekwisha kufutika. Hofu haikuwa kubwa mwanzoni, maana nakala za akiba zilikuwapo. Zilipofunguliwa, ikaonekana kwamba utaratibu wa akiba ulikuwa umeharibika kwa muda, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzifungua nakala hizo ili kuzipima.

Filamu iliokolewa na mtu mmoja. Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ya ufundi, alikuwa amejifungua mtoto na kwa sababu hiyo alikuwa akifanya kazi nyumbani, na kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala ya filamu. Kompyuta hiyo ilifungwa kwa mablanketi, ikawekwa ndani ya gari na kurudishwa studio kwa uangalifu kama majeruhi anavyopelekwa hospitali. Kazi ikafufuliwa, na mwaka 1999 filamu ilitoka. Akiba haiozi, lakini akiba isiyokaguliwa huenda ilikwisha kuoza siku nyingi.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya matajiri wa California peke yao. Katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili kupata riziki, alianza kutengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Helikopta zinazolipua majumba, risasi na milipuko, yote hayo aliyatia kwa kompyuta. Filamu yake iliyojulikana zaidi, Who Killed Captain Alex?, ilitoka mwaka 2010, na inasimuliwa kwamba iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Anayetajwa katika jina la filamu hiyo ni kapteni wa jeshi. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Lakini nakala yake ya asili haipo tena. Nabwana alilazimika kuifuta katika kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Iliyosalia ni nakala yenye sauti ya msimulizi akizungumza juu ya picha.

Hapa pana tofauti ya kutafakari. Studio yenye mamilioni ya dola na fundi mwenye kompyuta ya vipuri walipatwa na msiba wa aina moja. Tajiri aliponyoka kwa sababu mfanyakazi wake mmoja alikuwa na diski ya pili. Maskini alipoteza kwa sababu hakuwa na fedha za diski ya pili. Bei ya chombo hicho kidogo ndiyo iliyotenganisha kazi iliyookoka na kazi iliyopotea.

Je, nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki zinapaswa kununua viini 40,000 ili zitengeneze filamu zao? Ushahidi unaonyesha njia nyingine. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, wataalamu wa shirika la anga la Marekani, NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, za aina iliyouzwa madukani, zikafanya kazi kama kompyuta moja yenye nguvu. Waliita mfano wao Beowulf, na njia hiyo imeenea katika vyuo vingi duniani, kwa maana haihitaji mashine ya fahari. Yahitaji nyaya, programu na akili ya kupanga.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Latvia, nchi ya Ulaya yenye watu wasiofika milioni mbili. Mwaka 2024 mwongozaji Gints Zilbalodis alitoa filamu iitwayo Flow, inayosimulia safari ya paka katika dunia iliyofunikwa na gharika. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa Blender, programu iliyoanzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ambayo tangu mwaka 2002 inatolewa bure kwa mtu yeyote. Hawakutumia shamba la kompyuta kuichora. Badala ya kufuatisha kila mstari wa mwanga mpaka mwisho wake, walitumia njia ya mkato inayofanana na ile ya michezo ya kompyuta, inayokadiria mwanga kwa haraka kwa kadi ya kuchorea picha, hivyo picha moja ilichukua sekunde chache tu. Machi 2025 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, mbele ya studio zenye mashamba makubwa.

Katika eneo letu pia hatua zimepigwa. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilichorwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam. Katuni za Ubongo Kids, zinazofundisha watoto hesabu na sayansi, zilianza Tanzania mwaka 2014. Umeme nao unaongezeka: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na bwawa la Karuma kwenye mto Nile, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024, lina megawati 600. Kinachobaki ni kuwafundisha vijana na kuzitunza kazi zao.

Ndugu askari, tumefika kwenye jambo zito. Kwa zaidi ya miaka mia moja, picha ilihesabiwa kuwa shahidi. Siku hizi shahidi huyo anaweza kununuliwa. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ya Czech, inayotengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, ililazimika kutoa tamko kwamba picha za mchezo wake zilikuwa zikisambazwa kama picha za vita vya kweli. Kabla ya hapo, Machi 2022, ilionekana video ya Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine akiwataka askari wake waweke silaha chini. Hakuwahi kusema maneno hayo. Uso na sauti vilighushiwa kwa kompyuta, na siku ile ile Rais mwenyewe akajitokeza kuikana. Wataalamu waliiona kuwa kazi duni. Lakini kazi duni ya leo ni mazoezi ya kazi bora ya kesho. Kompyuta zinazojifunza kughushi nyuso nazo hufanya kazi kwa makundi, kwa kadi za aina ile ile zilizobuniwa kwa ajili ya kuchora picha.

Mwanajeshi afanye nini? Jibu ni la zamani kuliko kompyuta. Amri hupokewa kwa njia ya amri. Haipokewi kutoka kwenye simu ya rafiki wala kutoka kwenye video iliyosambaa usiku, hata kama uso ni wa mkuu unayemheshimu. Ikija kwa njia isiyo ya kawaida, iulizwe kwa afisa aliye juu yako, kwa maneno ya siri yaliyowekwa. Jeshi linaloamini kila picha litashindwa bila risasi kufyatuliwa.

Na polisi? Yeye aitazame picha kama anavyomtazama shahidi yeyote: kwa heshima na kwa maswali. Nani aliipiga? Kwa chombo gani? Saa ngapi, na wapi? Faili ya asili iko wapi, na imepitia mikono ya nani tangu siku hiyo? Kivuli cha mtu kinalingana na jua la saa inayotajwa? Hapo elimu tuliyoizungumza leo ina faida: anayejua kwamba mwanga katika picha za kompyuta hukokotolewa, ataangalia mahali ambapo hesabu imekosewa. Lakini asitegemee jicho pekee, maana mafundi hodari hawaachi kosa linaloonekana.

Ipo pia njia ya kuilinda picha ya kweli. Mara kielelezo kinapopokelewa, programu inaweza kuisoma faili nzima na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi ulio kama alama ya kidole ya faili hiyo. Nukta moja ikibadilishwa baadaye, alama hiyo itabadilika kabisa. Alama iandikwe katika jalada siku ile ile, na saini ya aliyepokea iwekwe. Hata baada ya miaka mitano mahakama itaweza kupima kama kielelezo ni kile kile. Polisi asiyefanya hivyo humpa wakili wa mshtakiwa nafasi ya kusema kwamba picha ilitengenezwa, na huenda mhalifu akaachiwa. Vilevile, raia asiye na hatia anaweza kufungwa kwa picha ya kughushi ambayo hakuna aliyeihoji. Hatari zote mbili ziko mbele yetu, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Ndugu wasikilizaji, mashine zile 117 za mwaka 1995 zilitengeneza hadithi ya kuwafurahisha watoto. Hazikuwa na akili kuliko mashine nyingine za wakati wake. Zilikuwa na mpango, mgawanyo wa kazi na mtiifu katika kila nafasi. Sifa hizo ndizo zinazotakiwa katika kila kikosi, na wala haziagizwi kutoka ng'ambo. Nakala ya akiba nayo ni sehemu ya ulinzi, kama vile kufuli la ghala la silaha. Vituo vyetu na makao ya vikosi sasa hutunza majalada, orodha za silaha na picha za vielelezo ndani ya kompyuta. Basi kila afisa aliyekabidhiwa kompyuta hizo ajiulize leo hii, kabla ya zamu kwisha: nakala ya jana iko wapi, iko katika jengo jingine, na ni lini mara ya mwisho mtu aliifungua akaona kwamba inasomeka?